SOMO LA KOPERATIVE: Kutunza Land Cruiser ya zamani kusudi mavuno yafike soko



Mara mingi katika somo hili tunazungumza juu ya mbegu, mashimo ya mboleo na magonjwa ya mimea. Leo tunazungumza juu ya gari. Wamoja watauliza: agronome anaingilia namna gani kazi ya fundi? Jibu ni hili: viazi vilivyovunwa vizuri na kulala siku sita kando ya njia juu gari imekufa, ni hasara sawa na viazi vilivyooza na mildiou shambani. Shu, nyanya na maziwa havingoji hata siku hizo sita. Kazi ya mkulima haiishii kwenye jembe. Inaisha siku feza inaingia katika kesi ya koperative.

Koperative mingi za kwetu ziko na Toyota Land Cruiser ya zamani: pick-up ama ile ya ngambo zilizofungwa, imeachwa na mradi ama imenunuliwa okazio. Aina hii, wanaita « série 70 », ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Moteri inayojulikana zaidi kwetu ni 1HZ, ya mazuti, silinda 6, litri 4,2, bila turbo. Ilitoka mwaka 1990. Haina kompyuta ya kuongoza mazuti. Pompi yake inafanya kazi kwa vyuma tu. Ndiyo sababu fundi wa kijiji anaiweza, na ndiyo sababu ninyi wenyewe munaweza kuifanyia kazi mingi bila kungoja garaji ya muji.

Lakini tusidanganyane. Gari ngumu si gari isiyokufa. Inavumilia makosa muda mrefu, kisha siku moja inaleta deni lote pamoja.

1. Maadui watatu: vumbi, maji, uzito

Shambani hatupigi dawa mbele ya kujua adui ni nani. Kwa gari vilevile. Katika barabara zetu, karibu uharibifu wote unatoka kwa maadui watatu.

Vumbi inaingia kwa hewa ambayo moteri inavuta, inakula silinda na segma kama musasa. Moteri inaanza kunywa mafuta na kutoa moshi wa bluu.

Maji inaingia mahali mingi: ndani ya mazuti, ndani ya pon wakati wa kuvuka mto, ndani ya freni na rulema. Inaleta kutu, na inafukuza grisi.

Uzito unavunja maresoru, buloni za magurudumu na shasi. Zaidi ya yote, unashinda freni.

Kazi yote tunayoeleza hapa chini ni vita na hawa watatu.

2. Dakika kumi na tano za asubui

Mukulima mzuri anatembea shamba lake mbele ya kuamua kitu. Mozaiki ya muhogo inaonekana kwanza kwa jani moja. Anayetembea anaiona mapema. Shofere naye sherti atembelee gari kila asubui, moteri ikingali baridi, gari iko mahali pa sawasawa.

a) Tazama chini ya gari. Kuna tone? Gusa na kidole. Nyeusi ni mafuta ya moteri. Nzito yenye harufu kali, chini ya pon ama buati, ni mafuta ya jire. Nyepesi kando ya gurudumu, pengine ni ya freni: gari haitoki. Maji ya rangi ni ya radiateri.

b) Chomoa kijiti cha kupimia (joje), pangusa, rudisha, chomoa tena. Mafuta iwe katikati ya alama mbili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji imeingia: usiwashe, ita fundi.

c) Fungua radiateri, wakati wa baridi tu. Maji ijae. Radiateri ya moto haifunguliwi hata kidogo. Watu wengi wameungua uso na kifua kwa sababu hiyo.

d) Tazama kuruwa za mbele kama zimepasuka, na waya za batri kama zimekaza. Kama munanunua batri ama balbu, jueni kwanza kama gari yenu iko ya volti 12 ama 24. Zote mbili ziko katika Land Cruiser za mazuti.

e) Zunguka magurudumu. Kando ya ekru kuna alama ya kutu kama machozi? Ile ekru imelegea. Kaza zote. Na kila mara gurudumu limetolewa na kurudishwa, kaza tena kisha kilometri 50.

f) Ingia, kanyaga freni kwa nguvu, shika dakika moja. Pedali ibaki juu na ngumu. Ikishuka polepole, safari imekufa leo, hata kama wauzaji wamepanda tayari.

3. Mazuti safi

Mazuti ya bidoni inayouzwa kando ya njia mara mingi iko na maji na muchanga. Pompi ya enjeksio inapakwa na mazuti yenyewe. Haina mafuta ingine. Maji ikifika ndani, vyuma vinakwaruzana, na pompi hiyo ni moja ya piesi za bei kali zaidi kwenye moteri.

Fanyeni hivi:

Kwanza, acheni fiti ama bidoni itulie siku moja nzima bila kuitikisa. Maji ni nzito kuliko mazuti, inashuka chini. Vutieni mazuti ya juu na mpira, acheni vidole vitatu vya chini. Kitambaa kinazuia muchanga, hakizuii maji.

Pili, jazeni tanki mangaribi, si asubui. Tanki tupu usiku wa baridi inatoa jasho ndani, na jasho ni maji.

Tatu, kila juma, na kila mara mumenunua mazuti musiyoijua, toeni maji chini ya filtri ya mazuti. Wekeni kopo chini. Legezeni robine ndogo ya chini kwa mukono. Pigeni pompi ya mukono iliyo juu ya filtri. Maji inatoka kwanza, kisha mazuti safi. Mukiona mazuti tupu, fungeni robine. Endeleeni kupiga pompi mpaka iwe ngumu. Hapo hewa imetoka. Ndipo muwashe. Musishike ufunguo zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja. Acheni demarere ipumzike kidogo, kisha mujaribu tena.

Filtri ya mazuti haioshwi. Inatupwa, inawekwa mupya.

4. Hewa safi

Wakati wa kiangazi, filtri ya hewa ichunguzwe kila juma. Mukifuata kaminyo katika vumbi siku nzima, ichunguzwe jioni ileile.

Itoeni polepole. Pulizeni na hewa kutoka ndani kwenda inje, kamwe si kutoka inje kwenda ndani, juu mutasukuma vumbi katika karatasi. Musiipige kwenye mpira wa gari, musiioshe na esanse: karatasi inapasuka ama kujikunja. Kisha wekeni tochi ndani, mahali pa giza. Mukiona mwangaza unapita kwa katundu, hata kadogo kama sindano, filtri imekufa.

Kuna jaribio lingine ambalo fundi wengi wanasahau. Pangusa kwa kitambaa cheupe ndani ya mupira mkubwa unaotoka kwenye filtri kwenda moteri. Kitambaa kibaki cheupe. Kikitoka chekundu, vumbi inapita: tafuteni kola iliyolegea ama mupira uliopasuka. Ni kazi ya turnevisi na dakika tano. Kuiacha ni kulipa segma na silinda.

5. Mafuta ya moteri na maji ya radiateri

Katika barabara zetu, vidanji ifanyike kila kilometri 5 000, na filtri ya mafuta ibadilishwe pamoja. Moteri ya 1HZ inachukua karibu litri 10. Mimina 9 kwanza, washa dakika moja, zima, ngoja, kisha maliza kwa kufuata joje. Ufanye kazi hiyo moteri ikiwa na joto kidogo kusudi uchafu utoke pamoja na mafuta.

Kontere ya kilometri imekufa? Kwa gari mingi ndiyo hivyo. Hesabuni safari. Kama kwenda soko na kurudi ni kilometri 80, basi 5 000 kugawanya na 80 ni safari 62. Andikeni alama moja kwa kila safari, kama vile munahesabu mifuko kwenye depo.

Kwa radiateri, wekeni maji ya kizuio cha kutu inayouzwa kwa ajili ya radiateri. Kama haipatikani, maji ya mvua iliyokingwa vizuri inapita maji ya chemchem, juu maji ya chemchem mara mingi inaacha chumvi nyeupe ndani ya mabomba. Na musisahau inje: mbegu za nyasi na manyoya ya majani vinaziba mapezi ya radiateri. Osheni kwa maji ya polepole, kutoka upande wa moteri kwenda mbele.

Sindano ya joto ikipanda, simameni. Acheni ipoe. Shofere anayesema « tumebakisha kilometri tano tu » anaweza kupasua kilase, na hapo koperative inalipa mwaka muzima.

Neno moja kama agronome: mafuta ya zamani haimwangwi shambani wala mtoni. Haipakwi kwa vidonda vya ngombe, haichanganywi na mbegu za maharagi kwa kufukuza wadudu. Iko na sumu. Ikusanyeni katika bidoni yenye alama, na bidoni hiyo isirudi tena kwa maziwa ama mafuta ya ngazi.

6. Grisi

Nunueni pompi ya grisi moja, ni ya koperative, inakaa depo. Chini ya gari kuna machuchu madogo ya kuingizia grisi: kwenye kardani ya mbele na ya nyuma, na kwa gari mingi kwenye maresoru. Pangusa kila moja mbele ya kupiga, la sivyo unaingiza muchanga. Piga mpaka grisi ya zamani itoke kidogo. Kwa sehemu ya kardani inayoingia na kutoka, piga mara mbili ama tatu tu. Ukijaza sana, inasukuma na kuumiza.

Fanyeni hivyo kila vidanji, na kila mara gari imevuka maji ya kina. Pon yenye joto ikiingia katika maji ya baridi inavuta maji ndani. Kesho yake, legezeni kidogo buloni ya chini ya pon. Mafuta ikiwa kama maziwa, ibadilishwe yote.

Kwa rulema za magurudumu: wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu mengine, inueni gurudumu moja na kriki, lishikeni juu na chini, litikiseni. Likicheza, itaneni fundi. Na hii ni sheria bila ruhusa: mutu haingii chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Wekeni kipande kikubwa cha muti mugumu chini ya shasi kwanza. Kriki ikiteleza, haitoi nafasi ya kukimbia.

7. Freni na mishuko

Hapa sizungumzi tena juu ya feza. Kwa njia ya Bukavu kwenda Kamanyola, wote wanaijua Ngomo: upande mmoja mulima, upande mwingine shimo. Kila kijiji cha kwetu kiko na Ngomo yake ndogo. Gari yenye mifuko na watu juu, ikikosa freni pale, haiharibu mavuno peke yake. Inachukua baba na mama za watoto.

Freni ikikanyagwa muda mrefu kwenye mushuko inapata joto mpaka inaacha kushika. Basi shukeni na vitesi ileile ambayo gari ingetumia kupanda mahali pale. Kama mushuko ni mkali na muzigo ni mkubwa, wekeni 4x4 ya polepole. Freni iguswe kidogo, iachwe, iguswe tena. Vitesi haitolewi kwenye mushuko kwa kusema munaokoa mazuti. Mazuti hiyo ni ndogo kuliko jeneza moja.

Mafuta ya freni ni ya freni tu, ile inayoandikwa DOT 3 ama DOT 4. Mafuta ya moteri, mazuti ama mafuta ya jire vinavimbisha mipira ya ndani, na freni inakufa. Kimo cha mafuta kikishuka, musiongeze tu na kuondoka: ama plaketi zimekwisha, ama kuna mahali panavuja. Kufungua freni na kuipanga si kazi ya kujifunza siku ya soko. Ni kazi ya fundi mwenye kujua.

8. Kuruwa isiyoonekana

Moteri ya 1HZ iko na kuruwa ya distribisio, imefichwa mbele chini ya kifuniko. Ikikatika, pistoni zinagonga supapi, moteri inasimama na ndani kuna uharibifu mkubwa. Haitoi sauti ya kuonya. Inabadilishwa kila kilometri 100 000. Kama munapokea gari ya okazio na hakuna karatasi inayoonyesha tarehe ya kuibadilisha, hesabuni kwamba haijabadilishwa. Ifanyieni kazi mbele ya safari ya kwanza ya mavuno. Hii nayo ni ya fundi.

9. Uzito: hesabu ya mifuko

Pick-up hii inabeba karibu tani moja, pamoja na shofere na watu wote. Watu watatu ni karibu kilo 200. Inabaki kilo 800: mifuko 8 ya kilo 100. Lakini sisi tunajua mifuko yetu. Mufuko uliofungwa na « kofia » juu unaweza kupita kilo 100 mbali sana. Pimeni kwenye bascule, si kwa macho.

Wamoja wanaongeza lame kwenye maresoru na kusema gari imekuwa na nguvu. Maresoru imekuwa na nguvu, ndiyo. Lakini freni ni zile zile, rulema ni zile zile, shasi ni ile ile. Ni kama kupanda migomba mingi mahali pamoja bila kuongeza mboleo: inasimama, lakini angalia ndizi zake.

10. Kaye na kesi ya gari

Gari ya wote, bila kaye, ni gari ya hakuna mutu. Fungueni kaye moja yenye safu tano: tarehe, safari (kutoka wapi mpaka wapi), kilo zilizobebwa, mazuti iliyowekwa, kilichofanywa ama kilichoonekana. Shofere anaandika, keshia anaweka sahihi. Shofere akiandika « pedali ya freni iko chini » na komite ikimwambia aende tu, kaye itaonyesha nani aliamua. Hii inamlinda shofere, na inalinda wanachama.

Sasa feza. Huu ni mufano wa kujifunza. Wekeni bei za kwenu. Safari moja ni kilometri 80.

– Vidanji: dolari 80, kugawanya na safari 62 = dolari 1,29.
– Mipira minne: dolari 600 kwa kilometri 40 000, ni safari 500 = dolari 1,20.
– Kuruwa ya distribisio na kazi ya fundi: dolari 250, kugawanya na safari 1 250 = dolari 0,20.

Jumla ni dolari 2,69 kwa safari. Ongezeni filtri zingine, grisi, plaketi na jambo la gafula, muweke dolari 5. Kwa mifuko 8, ni karibu senti 63 kwa mufuko. Feza hiyo ikatwe kila safari, mbele ya kugawanya faida, na iwekwe katika kesi yake yenyewe. Anayesema senti 63 ni mingi, aulizwe: mufuko wa viazi vilivyooza unaumiza kwa kiasi gani?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kati ya vumbi, maji na uzito, ni nani anaumiza zaidi gari yetu? Tunajua kwa alama gani?
2. Kuruwa ya distribisio ilibadilishwa lini? Karatasi iko wapi?
3. Ni nani ana haki ya kusema « leo gari haitoki »? Kama ni prezida peke yake, je, shofere aliyeona freni mbovu afanye nini?
4. Mufuko wetu unapima kilo ngapi kweli?

Kazi ya mwezi huu: nunueni kaye, pimeni mifuko mitano kwenye bascule, toeni maji ya filtri ya mazuti mbele ya wanachama wote, vijana na wamama pamoja, kusudi wengi wajue. Maarifa yakikaa kwa shofere peke yake, siku akiugua, gari nayo imeugua.

Kazi njema, na mavuno yafike.